Rimu Kubwa Umeshafunga: Ulishushe Gari au Uliache?

Jumapili jioni shemeji yangu aliingiza Subaru Forester yake uani kwangu Bweyogerere, akazima injini, akashuka bila kumsalimia mtu. Alirudi nyuma hatua nne, akakunja mikono kifuani na kulitazama gari kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Rimu zilikuwa ngeni kwake, nyeusi, inchi 17. Alikuwa amezitoa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, siku mbili kabla, zikiwa na matairi yake. Juu ya kila tairi kulikuwa na pengo ambalo mwanangu wa darasa la tatu aliingiza ngumi, na ngumi ikacheza humo.

"Kaka, ona mwenyewe," akasema. "Limesimama kama kuku anayevuka maji. Kuna fundi Ndeeba ameniambia analishusha kwa saa moja tu. Nishushe?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya kwa pesa zangu, nitafika huko. Safari hii sikujibu kwa mdomo. Niliingia ndani kuchukua futi.

Pengo linadanganya

Forester ya umri ule, ya mwaka 2005, ilitoka kiwandani na rimu za 16 na tairi la 215/60R16. Kwa asiyezoea kusoma ubavu wa tairi: 215 ni upana kwa milimita. 60 ni asilimia ya huo upana, yaani mpira kutoka ukingo wa rimu hadi barabarani una kimo cha milimita 129. R16 ni inchi za rimu. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 664.

Yale aliyouziwa na rimu zake yalikuwa 215/45R17. Hiyo ni saizi ya Impreza za mbio za miaka hiyo, na rimu zilikubali bila ubishi kwa sababu Forester yake na Impreza zina nati tano kwenye duara moja la milimita 100. Lakini ubavu wa tairi hilo ni milimita 97 tu, na kipenyo chake chote ni 625.

Toa 625 kwenye 664. Zinabaki 39. Gawa kwa mbili, kwa sababu nusu ya tofauti iko chini ya ekseli na nusu iko juu. Gari la shemeji lilikuwa limeshashuka sentimita mbili nzima, na mwenyewe amesimama hapo akilalamika kwamba limepanda!

Sikumcheka, maana jicho la kila mtu hudanganyika hivyo. Tairi likiwa dogo, gari zima hushuka nalo, na papo hapo pengo kati ya mpira na madigadi huongezeka kwa kipimo kile kile. Jicho linaona pengo, moyo unasema gari liko juu. Nilipiga magoti nikapima kutoka sakafuni hadi bamba la chini ya injini: sentimita 17. Kiwandani ni kama 20. Mbili zimekwenda na matairi, moja imekwenda na uzee wa springi.

Akanieleza pia, kwa furaha, kwamba tangu afunge rimu hizo gari limeanza kula mafuta kidogo. Kumbe tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na gari huhesabu mizunguko, halihesabu barabara. Dashibodi yake ikisema kilomita 100, amekwenda kama 94. Hajaokoa hata lita moja; anadanganywa kilomita sita kwa kila mia, na siku akiuza gari mnunuzi ataona kilomita ambazo halikuzitembea.

Basi kama umeshafunga rimu kubwa na unajiuliza kama ushushe, anza na hesabu hii kabla ya kumpigia fundi yeyote. Kama kipenyo cha tairi jipya ni kile kile cha zamani, gari liko pale pale lilipokuwa. Kama kimepungua, umeshashusha bila kujua. Kama kimeongezeka, limepanda kwa nusu ya tofauti, na hapo malalamiko yako yana msingi.

Mito miwili ya gari

Gari lina mito miwili ya kupokea barabara. Wa kwanza ni ubavu wa tairi wenye upepo ndani. Wa pili ni mchezo wa springi na shokapu, nafasi ambayo gurudumu linaweza kupanda kabla chuma hakijagonga raba ya kituo. Rimu kubwa imeshakula kwenye mto wa kwanza. Kwa shemeji ni milimita 32 zimeondoka. Kushusha kunakula kwenye wa pili. Anayefanya yote mawili kwenye barabara zetu amelala kwenye ubao.

Watazame madereva wa rali, watu ambao hakuna atakayewaambia hawajui magari. Kwenye mashindano ya vumbi, kama Pearl of Africa yetu, gari huinuliwa na kufungwa rimu ndogo zenye mpira mnene. Katika mashindano ya dunia, magari ya juu hutumia rimu za inchi 15 kwenye vumbi. Wakienda kwenye lami wanafunga za 18 na kulishusha gari. Hakuna anayebeba nusu ya huku na nusu ya huko. Kwa hiyo swali la kwanza si gari lako linafanana na nini, ni unakwenda wapi Jumatatu asubuhi.

Sasa tuziweke njia zenyewe ubavuni kwa ubavu. Ni zaidi ya mbili, ingawa watu huuliza kana kwamba ni mbili.

Kuliacha lilivyo

Hugharimu sufuri leo. Springi na shokapu hubaki jinsi mhandisi alivyozipima, gari linabeba familia na gunia la mahindi bila kugusa chini, na matairi hulika sawasawa.

Tatizo liko kwenye mpira mwembamba. Kampala ndiyo jiji ambalo mwezi wa Aprili 2023 wananchi walifanya "maonyesho ya mashimo" mtandaoni, kila mtu akileta picha ya shimo la mtaa wake, na hayakukosa waonyeshaji. Ubavu wa milimita 97 ukikutana na ukingo mkali wa shimo kwa kilomita 60 kwa saa, mpira unabanwa hadi rimu inagonga lami. Rimu inapinda, au ubavu wa tairi unatoka uvimbe kama jipu. Njia ya Jinja hadi Malaba ina adha nyingine: malori ya mizigo yamechimba mifereji miwili kwenye lami, na tairi pana lenye ubavu mwembamba linaifuata kama treni. Usukani unauona ukivutwa.

Ukichagua kuliacha na matairi hayo hayo, lipe upepo wa kutosha na upime kila wiki, na utazame namba ya uzito ubavuni. Tairi la asili la shemeji lilikuwa na 95, yaani kilo 690 kwa kila tairi. Haya ya 215/45R17 mengi ni 87, yaani kilo 545, au 91, kilo 615. Kwa mtu mmoja anayekwenda ofisini si kitu. Kwa mtu anayerudi kutoka kijijini Desemba na watu watano, ndizi, na mbuzi kwenye buti, ni kitu. Na matairi yakija na rimu za mtumba, soma zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea.

Springi fupi za dukani

Hizi ni springi zilizotengenezwa hasa kwa kushusha, kwa kawaida sentimita mbili na nusu hadi nne, na zimefanywa ngumu zaidi ili gari lisimalize mchezo wake mdogo haraka. Hapa ndipo hoja ya kushusha ina nguvu, na sitaki kuwaonea wanaoipenda. Uzito wa gari ukikaa chini zaidi, gari halilali sana kwenye kona. Kwenye barabara ya mwendo kasi ya kwenda Entebbe, ile ya kulipia shilingi 5,000, gari lililoshushwa vizuri limetulia kuliko nilivyotarajia. Upepo wa ziwani haulisukumi, na ukibadili njia linafuata papo hapo. Na uzuri, tuseme ukweli, upo. Rimu ya 17 iliyojaa ndani ya madigadi inapendeza.

Lakini bei ya springi si bei ya kazi. Shokapu za asili zimepimwa kwa springi ndefu na laini. Ukiziwekea fupi na ngumu zinafanya kazi kwenye sehemu ya chini ya mchezo wao muda wote, na zikiwa na kilomita laki moja na nusu za Japani na za hapa, huanza kuvuja mafuta mapema. Halafu jiometria. Kwenye miguu ya aina ya Forester, gari likishuka matairi hulala kidogo kwa ndani juu, na vilevile mwelekeo wake wa mbele hubadilika. Huo wa pili ndio mlaji mkubwa. Nimeona matairi yenye kashata nzuri nje na waya unang'aa ndani, mwenyewe hajui kwa sababu huoni ndani mpaka ukunje usukani hadi mwisho na kuinama. Kwa hiyo alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ni ya lazima, na ifanywe baada ya springi kukaa, wiki moja au mbili, si siku ile ile. Raba za mikono na boljointi zikiwa zimechoka, mashine ya alaimenti itakupa karatasi nzuri na gari litaendelea kuvuta upande.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wachache hulitaja. Mkono wa chini wa gurudumu hulala karibu sawa na ardhi gari likiwa kwenye kimo chake. Ukilishusha kupita kiasi, mkono unaelekea juu, na hapo gari linaweza kulala kwenye kona zaidi ya mwanzo ingawa liko chini. Mtu anashusha sentimita tano ili apate mwendo, anapata kinyume. Ndiyo maana Subaru wenyewe walipotaka Forester ya chini, ile STI iliyouzwa Japani kuanzia 2004, hawakugusa springi peke yake: springi, shokapu, usukani na breki vilibadilishwa pamoja. Na tairi lake la 225/45R18? Kipenyo chake ni milimita 660, karibu sawasawa na lile la rimu ya 16. Gari walilishusha, lakini kipenyo cha tairi hawakukipunguza ila kwa milimita nne.

Koilova

Hii ni springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja. Unaweza kupandisha na kushusha kwa kuzungusha mkono wa chuma wenye nyuzi. Kwa anayekwenda kushindana Jumapili na kurudi kazini Jumatatu, ndiyo njia ya kweli. Kwa sisi wengine, zile nzuri zinaweza kuzidi bei ya rimu zenyewe, na zile rahisi hugonga kama mlango mbovu. Vumbi jekundu la marram, zile barabara zetu za udongo wa changarawe, na matope ya msimu wa mvua huingia kwenye nyuzi zikagoma kuzunguka, kwa hiyo ule uhuru uliolipia unabaki kwenye karatasi. Zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi. Kama wewe ni mtu anayesahau kubadili oili, usinunue.

Kukata springi

Nilikuwa na Premio, nikaifungia 17, nikaipeleka gereji moja ambayo jina lake nitalimeza. Kijana alitoa springi, akashika grenda, cheche zikaruka, mzunguko mmoja na nusu ukaanguka sakafuni kwa kila springi. Nililipa pesa ya kawaida ya chakula cha mchana cha watu watatu. Gari likakaa. Nililipiga picha kutoka kila pembe.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakwenda kwetu Busia kwenye matanga, mama nyuma na shangazi zangu wawili. Tumeingia Najjembe, pale msituni Mabira kwenye vijana wa kuku na gonja. Nikapita tuta kwa upole, gurudumu la nyuma likatua kwenye shimo lililokuwa nyuma ya tuta, likaning'inia kwa muda wa kufumba jicho. Springi iliyokatwa ni fupi kuliko urefu ambao shokapu inaweza kunyooka. Gurudumu likining'inia, springi inakuwa huru, haijashikwa na chochote. Nikasikia mlio kama sufuria imeanguka jikoni, kisha gari likakaa upande mmoja. Kwenye kioo niliona kitu kinabingiria lamini, na kijana mmoja aliyekuwa akikimbilia dirisha langu na mishikaki akageuza njia kukifuata.

Mama akageuka kutazama nyuma. "Baba," akaniuliza taratibu, "gari limezaa?"

Mimi sina ulinganisho mwingine wa kuweka hapa. Kukata na kuchoma springi kwa moto wa gesi ni jambo moja: kukata kunaifanya fupi na ngumu bila mahali pa kukaa, kuchoma kunaua chuma chenyewe, kinaendelea kushuka kila mwezi. Bima yako nayo, siku ya ajali, ikikuta springi zimekatwa kwa grenda, umewapa sababu ya kutafuta kalamu nyekundu. Fundi akikuambia saa moja, muulize anatumia chombo gani.

Spesa za kuinua

Nazitaja kwa kuwa Uganda ndizo maarufu kuliko kushusha kwenyewe: kipande cha chuma au plastiki ngumu kati ya shokapu na mwili wa gari, gari linapanda sentimita mbili tatu. Kwa mwenye 215/45R17 zinarudisha tumbo juu, ila pengo linazidi kuwa pango, na alaimenti bado unadaiwa. Tupite.

Kubadili matairi, kuacha springi

Hii ndiyo niliyomwonyesha shemeji, na ndiyo ambayo hakuna fundi aliyemtajia, pengine kwa sababu haina kazi ya grenda. Rimu zibaki zile zile za 17. Matairi yawe 215/55R17. Ubavu unarudi milimita 118, kipenyo milimita 668, tofauti na la kiwandani milimita nne tu. Subaru wenyewe waliifunga saizi hiyo kwenye baadhi ya Forester za kizazi hicho, kwa hiyo hubahatishi.

Kinachotokea ni kwamba gari linapanda sentimita mbili kutoka lilipo sasa, na pengo linapungua sentimita mbili. Vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu ile ile iliyotudanganya mwanzo, sasa imegeuzwa upande wa faida yetu. Dashibodi inarudi kusema kweli. Rimu zina mpira wa kuzilinda.

Ubaya wake? Unanunua matairi manne, na kwa Subaru ni manne kweli, huwezi kununua mawili sasa na mawili Krismasi. Gari linaloendesha magurudumu yote linataka matairi yenye mzingo mmoja. Subaru husema tofauti isizidi robo inchi, kama milimita sita kwenye mzunguko mzima. Ukichanganya mapya na yaliyolika, mfumo wa katikati wa giaboksi unasugua muda wote ukidhani magurudumu yanateleza, na huo ukifa utatamani ungenunua matairi manane. Pia ubavu mrefu unalegea kidogo kwenye kona kuliko ule wa 45. Mtu anayekwenda sokoni hatausikia.

Usijaribiwe kupanda zaidi bila kupima. Kwenye Forester ya namna hii, sahani inayoshika springi iko juu kidogo tu ya tairi, na tairi nene mno hulamba sahani hiyo. Kidole chako kipite katikati, ukiwa umekunja usukani huku na huku. Na tazama ofuseti ya rimu iliyoandikwa ndani, ET, yaani milimita ngapi uso unaofungwa kwenye gari uko mbali na katikati ya upana wa rimu. Ya kiwandani ni 48, kwenye rimu ya upana wa inchi sita na nusu. Ukifunga ya inchi saba na nusu yenye ET 35, uso wa rimu unatoka nje karibu milimita 26. Gari likiwa juu halitagusa. Ukilishusha, madigadi itakata mpira kila unapopita tuta na abiria. Wengi hulaumu springi kwa kosa la ofuseti.

Jaribio la sapatu

Shemeji hakuridhika. Vijana wa sasa hawaridhiki na hesabu, na sawa, hesabu ni zangu, gari ni lake. Nikamwambia basi tulishushe bila kulishusha.

Tulichukua sapatu kuukuu, zile za raba za bafuni. Tukakata visigino viwili, tukavigandisha kimoja juu ya kingine mpaka tukapata unene wa sentimita tatu, kiasi kile kile ambacho springi za dukani zingemshusha. Nikalala chini ya gari, nikakifunga kipande hicho kwa waya kwenye bamba la chini ya injini, mbali na bomba la ekzosi lisije likakiyeyusha, na kuhakikisha kwamba hata kikichomoka hakuna mahali pa kunasa. Kisha nikaupaka chokaa uso wake wa chini ili mkwaruzo wowote uonekane.

"Tembea wiki nzima kama kawaida," nikamwambia. "Usikwepe unachokwepa sasa, usipite usipopita. Jumapili pakia mke na watoto wote, mje kula hapa. Kikirudi kizima, mimi mwenyewe nitakupeleka Ndeeba."

Jumatatu na Jumanne akapiga simu akijisifu. Kazini kwake ni Nakawa, lami mlango hadi mlango isipokuwa mita mia nne za marram kuingia kwao Namugongo. Jumatano usiku mvua ikanyesha. Nyinyi mnaoishi Kampala mnajua mvua moja inavyochimba barabara ya udongo: maji huchora mfereji katikati na kuacha mgongo kati ya njia mbili za matairi. Alhamisi asubuhi akanitumia picha. Waya ulikuwa umebaki, umenyooka kama mstari. Sapatu haikuwepo. Udongo mwekundu ulikuwa umepakwa kwenye bamba lenyewe, maana yake hata bila sapatu alikuwa ameshagusa. Na gari lilikuwa na mtu mmoja ndani.

Jaribio hili mpe yeyote. Halijali kama gari ni Forester, Mark X au Wish, na linaijua barabara yako kuliko mimi. Sapatu ikirudi na chokaa yake baada ya wiki mbili, moja wapo ya mvua, moja wapo na abiria kamili, una haki ya kushusha na mtu asikusumbue. Nawajua wawili wa namna hiyo: mmoja anakaa Entebbe mjini na analo gari jingine la shamba, mwingine hutoa lake Jumamosi tu. Kwao ningesema springi za dukani na shokapu za kwenda nazo, sentimita mbili na nusu, isizidi tatu, tairi la kipenyo cha kiwandani, na zile springi za asili wazipake grisi na kuzihifadhi stoo, kwa sababu mnunuzi wa gari lako siku moja atakuwa mtu wa Kapchorwa, kule milimani.

Kabla ya hayo yote, hakikisha gari halijashuka lenyewe. Forester nyingi za miaka hiyo zililetwa na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe kulingana na mzigo. Zikichoka, mkia unakaa chini siku zote kama mbwa aliyefanya kosa. Watu hushusha mbele ili lilingane na nyuma! Dawa ni kubadili za nyuma, pamoja na springi zake, kwa za kawaida.

Shemeji aliyauza yale ya 45 kwa kijana mwenye Impreza, akaongeza pesa, akafunga 215/55R17 yote manne. Jumapili akaja na familia. Tulipima tena pale pale kwenye sakafu: bamba la injini lilikuwa sentimita 19 na kidogo. Ngumi ya mwanangu haikuingia tena kwenye pengo, viliingia vidole vitatu.

Wakati tunakula, jirani yangu mwenye Legacy alipita getini, akasimama, akaizunguka ile Forester mara mbili.

"Sasa hii ndiyo imekaa," akamwambia shemeji. "Umeshusha sentimita ngapi?"

Shemeji akanitazama, akatafuna nyama yake, akasema, "Mbili."